Si kila uvimbe kwenye ini ni saratani

Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye ini, wengi huwaza saratani papo hapo. Hofu ya siku nyingi hiyo, ila mara nyingi huwa ni hemanjioma tu, fundo la mishipa ya damu: kwenye CT scan dawa ya kung'arisha picha huijaza taratibu, kutoka pembeni kuelekea katikati. Kwa kawaida huachwa ilivyo.

Kazi ipo kwa anjiomiolipoma, uvimbe adimu wenye mafuta, misuli laini na mishipa. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ikiona mafuta, afadhali. Yakiwa haba, picha hufanana mno na saratani, hata bingwa husita. Hapo sindano hutoa kipande kidogo. Maabara, seli za anjiomiolipoma huitikia kipimo cha HMB-45, cha kutia seli rangi. Za saratani ya ini kwa kawaida haziitikii.