Je, wajua kwa nini mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko hutafuta kiti cha dirishani?

Wakati wa korona wengi wetu tulikuwa na swali moja: mahali hapa ni salama au si salama? Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko hawakuliuliza hivyo. Nao walikuwa na soko la kwenda, watoto wa kulea na wazazi wa kuwajulia hali. Walichojiuliza ni hiki: hewa ninayovuta hapa imetoka kwenye mapafu ya watu wangapi, na nitakaa nayo kwa muda gani?

Kisa kimoja kiliwafumbua macho wengi. Tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 walikutana kufanya mazoezi katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Hawakupeana mikono, na vitakasa mikono vilikuwepo. Waliimba ndani kwa saa mbili na nusu, na mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Wenzake 52 wakaugua, wawili wakafariki.

Fikiria udi. Uchome sebuleni madirisha yakiwa yamefungwa, na punde hata aliyekaa kona ya mbali atausikia. Ukitoa chetezo, harufu inabaki. Vichembe vinavyotoka kinywani mtu anapoongea au kuimba huelea vivyo hivyo. Udi huohuo ukichomwa barazani, upepo unauchukua. Ndiyo maana Japani iliwahimiza watu wake waepuke mambo matatu: mahali pasipopitisha hewa, msongamano, na maongezi ya karibu. Yakikutana yote matatu, hapo ndipo pabaya zaidi.

Baadhi ya wataalamu walitembea na kipimo kidogo cha hewa ukaa. Nje, kipimo husoma sehemu 420 hivi katika milioni, lakini pumzi ya mtu inayotoka ina kama 40,000. Kwa hiyo kikisoma 800 chumbani, karibu asilimia 1 ya hewa unayovuta imekwisha kupita kwenye mapafu ya mtu. Kikifika 2,000, ni karibu asilimia 4.

Sisi kipimo tunacho bila kununua. Panda daladala mvua inaponyesha: kila abiria anafunga kioo chake, na baada ya vituo viwili vitatu vioo vyote vimefanya ukungu. Sehemu kubwa ya ukungu ule ni pumzi zetu. Kenya, Machi 2020, matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba 8, na ulikuwa uamuzi mzuri kwa sababu mapafu yalipungua. Ila kioo kilichofunguliwa vidole vitatu tu, hata ukilowa bega, nacho kinasaidia sana, na sijui kwa nini hatukuambiwa hivyo kwa sauti kubwa kama tulivyoambiwa kunawa mikono.

Wataalamu wale barakoa wanaivaa, chanjo wanachanja. Lakini zaidi ya hapo wanaipangia hatari matumizi, kama mtu mwenye mshahara mdogo anavyopangia pesa zake. Aliyelazimika kukaa nusu siku kwenye foleni ya hospitali Jumatano haendi kwa bibi Alhamisi. Anasubiri siku kadhaa aone kama dalili zitajitokeza. Akienda, haingii sebuleni. Mkeka unatandikwa chini ya mwembe, chai inaletwa huko nje, na bibi anakaa upande upepo unakotokea.