Mazoezi ya wazee nyumbani: maswali ninayoulizwa barazani

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kutibu viungo kwa mazoezi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanyia majumbani mwa watu hapa Tanga: Ngamiani, Makorora, Chumbageni, mara nyingine hadi Raskazone. Naingia, naamkia, tunasogeza meza ya sebuleni, tunaanza. Nikimaliza, kabla sijaifikia baiskeli yangu, barazani kuna mtu mwenye swali. Haya ni yale yanayorudi kila wiki, na hapa nayajibu kwa urefu ambao barazani siupati.

Mama yetu ana miaka 72. Ametulea kwa kukaanga vitumbua, hajapumzika tangu utoto. Sasa tumemwekea dada wa kazi ili astarehe. Kwa nini tumsumbue tena na mazoezi?

Najua swali hilo linatoka kwenye mapenzi. Mtu aliyekaa na moshi miaka yote ili ninyi msome, leo kumwona ameinama na ufagio kunawauma. Lakini tazameni alikuwa akifanya nini. Alichuchumaa mbele ya jiko, akainuka, siku nzima. Alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi, akainuka. Alibeba ndoo. Alitandika mswala, akasujudu, akainuka. Yote hayo yalikuwa mazoezi ya mapaja, nyonga na mgongo, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo. Siku mlipomwambia, "Mama, wewe kaa tu," mlimwondolea yote kwa mkupuo.

Misuli ya binadamu huanza kupungua polepole baada ya miaka 30, na baada ya 60 kasi huongezeka. Kukaa tu kunaizidisha kasi hiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wazee wenye afya njema walilala kitandani siku 10 mfululizo. Miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama. Hawakuwa wagonjwa, na zilikuwa siku 10 tu. Sasa fikirieni miezi kumi ya kukaa kwenye kochi, chakula kinaletwa, maji yanaletwa, rimoti iko mkononi.

Ninavyoona mimi, wazee wengi wa mji huu hawaangushwi na umri peke yake. Wanaangushwa pia na heshima ya watoto wao. Mama haombi kushikwa mkono kwenda chooni siku ya kwanza. Anaanza kwa kujisukuma na mikono akitoka kitini, kisha anasita kwenye ngazi, kisha anaacha kwenda arusini. Kila mmoja nyumbani anasema, "Ndiyo uzee," na yote hayo ni miguu iliyonyimwa kazi.

Kwa hiyo naomba mumrudishie kazi zake. Aanike nguo, akune nazi moja, amwagilie maua, afuate mwenyewe maji ya kunywa jikoni. Mazito abebe dada. Mama akishika ufagio, msimnyang'anye. Na juu ya hayo tumwongezee mazoezi ya kupanga, maana kazi za nyumba peke yake hazitarudisha nguvu iliyokwisha kupotea.

Baba ana miaka 88. Hajachelewa?

Hajachelewa. Mwaka 1990, huko Boston, wazee kumi dhaifu wanaoishi kwenye makao ya wazee, wenye wastani wa miaka 90, waliwekwa kwenye mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Tisa walimaliza, na nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zaidi ya mara mbili ya walivyoanza. Misuli ya mzee bado inaitikia ikipewa kazi. Baba ataanza chini na kupanda polepole, basi.

Nitajuaje kwamba miguu ya mzee wangu imeanza kuishiwa nguvu?

Tumia kiti. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akae katikati, akunje mikono kifuani kama anayesikia baridi. Washa saa ya simu kwa sekunde 30. Ainuke hadi asimame wima, akae, ainuke tena. Hesabu ni mara ngapi amesimama. Wewe simama karibu naye.

Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akiwa chini ya mara 10, au mwanamume wa umri huo chini ya mara 12, yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Kwa wenye miaka 60 hadi 64, mpaka ni 12 kwa wanawake na 14 kwa wanaume. Akishindwa kuinuka bila kutumia mikono, andika sifuri, na msihuzunike: mmejua pa kuanzia. Kisha mwambie asimame akiwa ameweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, na wewe uwe tayari kumdaka. Kama hafikishi sekunde 10, mizani yake ya mwili, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba, nayo inahitaji kazi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuanzia miaka 60. Ningependa kila anayefika hapo ajipime hivi, hata kama anajiona bado kijana.

Mimi ni babu wa miaka 69, Barabara ya Kumi na Moja. Naenda msikitini mara tano kwa siku kwa miguu. Hiyo haitoshi?

Shikamoo babu. Hongera, na usiache. Kutembea kunausaidia moyo, presha na sukari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli za kiasi, yaani unatembea huku unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wewe pengine umeshazifikisha. Ila mwongozo huohuo unaongeza mazoezi ya nguvu na mizani, siku 3 au zaidi kwa wiki. Mguu unaotembea njia tambarare kila siku unazoea, hauongezi nguvu. Rukuu na sujudu zinasaidia viungo, na kama bado unainuka kutoka sujudu bila kushika kitu, uilinde neema hiyo. Usihamie kwenye kiti kwa sababu tu rafiki zako wamehamia.

Basi hayo mazoezi ya nguvu ni yapi? Sisi hatuna vyuma.

Vyuma havihitajiki. La kwanza ni lilelile la kiti: kuinuka na kukaa polepole, mara 8 hadi 10, apumzike, arudie. Kukaa kuwe kwa taratibu kuliko kuinuka. Mzee anayejitupa kwenye kochi amekosa nusu ya zoezi. Likiwa gumu, weka mto mnene kitini ili kiwe juu. Likizoeleka, toa mto.

La pili, ashike nondo za dirisha, anyanyue visigino asimamie vidole, ashuke, kisha asimamie visigino. Hili ndilo linalomsaidia kujizuia anapojikwaa kwenye kizingiti. Akiwa bado ameshika nondo, apeleke mguu pembeni bila kuinamisha kiwiliwili. Hapo inafanya kazi misuli ya nyonga, na ndiyo inayokosekana kwa wazee wanaotembea wakiyumba kama mashua.

Halafu goti. Akiwa amekaa, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi tano, ashushe. Baada ya wiki mbili mfungie kifundoni mfuko wa mchanga wa nusu kilo, ushone kwa kitambaa cha khanga iliyochakaa. Chupa ya maji ya lita moja ni kilo moja kamili kwa ajili ya mikono. Kusukuma ukuta kwa viganja ni kwa kifua na mabega.

Mizani iachwe iwe ya mwisho: kusimama mguu mmoja kando ya meza nzito, kutembea kisigino kwa kidole kufuata mstari wa marumaru. Mwanzoni ashike kwa mikono miwili, kisha mmoja, kisha kidole.

Mpango wa namna hii, unaoitwa Otago, ulibuniwa New Zealand kwa wazee wanaoishi majumbani. Nusu saa, mara 3 kwa wiki, pamoja na matembezi. Ulipopimwa kwa watu zaidi ya 1,000, kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 35.

Ana presha na sukari. Si hatari?

Hatari zaidi ni kukaa, ila kuna masharti. Pima presha kabla ya kuanza. Ikiwa 180 kwa 110 au zaidi akiwa ametulia, hakuna mazoezi siku hiyo, aonwe na daktari. Vidonge vya presha vinaweza kumletea kizunguzungu anaposimama ghafla, kwa hiyo akitoka kitandani akae kwanza ukingoni, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asifanye mazoezi na njaa, na maji ya sukari yawe karibu. Mwenye sukari akague nyayo kila jioni, asitembee peku.

Kifua kikibana, pumzi ikikata hadi hawezi kumaliza sentensi, au akiona giza, anaacha papo hapo. Kifua kisipotulia haraka, ni hospitali, hakuna kusubiri asubuhi.

Na joto letu mnalijua. Miezi ya kaskazi fanyeni baada ya alfajiri au jua likishapoa. Mwezi wa Ramadhani, afadhali saa moja hivi baada ya futari.

Magoti yanamuuma. Apumzishe?

La. Goti lililosagika linabebwa na misuli ya paja, ikilegea goti linauma zaidi. Maumivu kidogo yanayotulia kufikia kesho yake yanavumilika. Yakizidi, au goti likivimba na kupata moto, punguzeni na mumwone mtaalamu.

Tukitaka mwalimu wa mazoezi aje nyumbani, tumtambueje aliye mzuri?

Msikilizeni anauliza nini siku ya kwanza. Aulize dawa, aulize kama mzee amewahi kuanguka, apime presha, amwombe ainuke kitini. Anayeanza na mazoezi kabla ya maswali, mshukuruni aende. Nasisitiza pia jambo moja: kuchua si mazoezi. Familia nyingi zinalipa mtu aje na mafuta, mzee analala, anasuguliwa, anajisikia vizuri. Sipingi raha hiyo, lakini msuli hauongezeki nguvu kwa kusuguliwa. Lazima ufanye kazi wenyewe.

Kama uwezo ni mdogo, lipieni ziara nne au tano ndani ya miezi miwili, na kila ziara mjukuu awepo ajifunze kuhesabu na kusimamia. Kwa bibi, mkiweza pateni mwalimu mwanamke, au binti akae hapohapo. Bibi mwenye haya hatainua mguu mbele ya kijana wa kiume, na ana haki.

Mama aliteleza bafuni mwezi uliopita. Hakuumia, lakini sasa hataki hata kutoka chumbani.

Pole kwake. Kwanza bafu: likaushwe, taa iwake usiku, kandambili zilizolika zitupwe, chuma cha kushikia kifungwe ukutani na fundi.

Kisha ile hofu. Mara nyingi anachoogopa ni kubaki sakafuni bila kuweza kuinuka. Hilo linafundishika, kama hana maumivu na yuko tayari. Tandika mkeka na godoro jembamba, weka kiti imara karibu. Ageuke ubavu, ajisukume kwa mikono, apige magoti, atambae hadi kitini. Aweke viganja kwenye kiti, apeleke mguu wenye nguvu mbele, asukume, ageuke, akae. Wewe uko pembeni, humvuti mikono.

Siku akianguka kweli, msikimbilie kumnyanyua. Nyonga ikiuma sana, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, pengine amevunjika: abaki alivyo, afunikwe, itafutwe gari ya wagonjwa impeleke hospitali ya Bombo. Kama hana dalili hizo, mpe muda avute pumzi, kisha sogeza kiti na umwachie afanye alivyojifunza.