Usiniulize rangi ya mto, niulize kama unajaa au unakupwa

Jumanne jioni mteja ninayemwongoza kuvua samaki alinipigia simu kuahirisha safari ya trauti mto Gura, huko Aberdare. "Kaka, nimetumiwa picha ya Gura, mto umekuwa chai ya maziwa. Trauti hali kwenye matope. Tuache mpaka Juni." Huyo ni wa nne tangu masika yaanze, na wote wamenipa sababu ile ile kana kwamba wamekaririshwa na mwalimu mmoja. Nimechoka kuieleza kwa simu, basi naiandika hapa.

Trauti anakula kwenye maji ya udongo. Trauti wa kahawia waliletwa Gura na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905, kutoka Loch Leven huko Uskoti. Tangu hapo wamepitia masika na vuli za zaidi ya miaka mia moja. Hesabu miezi ya mvua za Aberdare na Mlima Kenya, utakuta inakaribia nusu ya mwaka. Samaki anayefunga mdomo nusu ya mwaka asingenenepa, wala asingezaa mpaka akaufikia mwaka huu.

Kinachomfunga mdomo ni mto unaopanda. Watu wanaona rangi, hawaangalii maji yanaelekea wapi. Mvuvi wa Lamu humsikii akiuliza bahari ina rangi gani leo. Anauliza maji yanajaa au yanakupwa, kisha ndipo anajua kama atatoka na atatega wapi. Mto wa mlimani nao una kujaa na kupwa kwake, ila haufuati mwezi, unafuata mvua ya jana.

Masika huku juu, mvua kubwa mara nyingi huanguka mchana na jioni. Usiku mto unapanda. Ukipanda unazoa kila kitu kilichokauka kingoni: majani, nyasi, vijiti, samadi ya nyati, mchanga. Ukisimama kando unasikia mawe yakigongana chini. Saa hizo trauti amejibana nyuma ya jabali akingojea kutulie, na hata angetaka kula, ndoana yako inashika jani kila unaporusha. Hapo nakubaliana nawe, lala.

Lakini mvua ikikatika, na mto ukaanza kushuka, mambo yanageuka kabla rangi haijageuka. Bado ni kahawia, bado picha yake inatisha kwenye simu, ila takataka zimepita na nguvu ya maji imelegea. Nyungunyungu waliosombwa kutoka kingoni wanapita mezani kwa samaki bila kutafutwa. Nimewahi kumpasua trauti wa siku kama hiyo, tumbo limejaa nyungunyungu na miguu ya kaa wa mtoni, mingine bado ina kucha.

Nikifika mtoni, kabla sijafungua mfuko, nachomeka kijiti pale maji yanapogusa mchanga. Halafu nafunga nzi wa bandia, ndiye chambo changu, nakunywa chai ya chupa, namsikiliza askari wa hifadhi akinipa habari za nyati wa alfajiri. Nusu saa ikipita narudi kwenye kijiti. Kikiwa ndani ya maji, navunja safari mwenyewe, na mteja hanilipi. Kikiwa juu, na chini yake pana utepe wa mchanga mbichi unaong'aa, hata wa upana wa vidole viwili, tunavua.

Kipimo cha pili ni buti. Simama ukingoni, maji yafike magotini, utazame chini. Ukiona ncha ya buti lako, hata kwa shida, trauti atamwona nzi wako. Usipoona hata kamba zake, subiri. Nzi awe mweusi na mzito, Kenya Bug inatosha, kwa sababu kwenye maji ya rangi ile samaki anaona kivuli tu, na cheusi ndicho kinachokata kivuli vizuri. Nzi wenu wa kuelea, wale wa rangi ya majani makavu, waacheni nyumbani mpaka maji yatakate.

Na msirushe katikati! Hili linaniudhi kuliko rangi. Mto ukijaa, katikati hakuna samaki mwenye akili, maji yangemchosha bure. Amehamia ukingoni, futi mbili toka kwenye nyasi, mahali ambapo mteja wangu tayari amesimama kwa buti zake na kumkanyagia chumba. Masika navua nikiwa nchi kavu, na sehemu ya kwanza ninayorushia ni ile ambayo wengine huingilia mtoni. Isitoshe, mto wa masika unaua. Sivuki maji yanayofika mapajani.

Jambo la kuangalia ni msitu. Maji yanayotoka kwenye nyika za juu na msitu mzima hutakata haraka, mara nyingi kwa siku moja. Ukishuka chini ya mpaka wa msitu, kwenye mashamba na barabara za udongo, mto ule ule utabaki mwekundu siku tatu, nne. Picha aliyotumiwa mteja wangu ilipigwa darajani, chini kabisa. Mimi ningempeleka juu.

Wanaopenda Februari kwa sababu maji ni kioo, sawa, lakini kioo hicho kinamwonyesha samaki kofia yako kutoka mbali. Na jua likipiga mto mwembamba, sehemu za chini hupata joto. Trauti anaanza kuteseka maji yakikaribia nyuzi 20, na huku juu, mita 2,000 na zaidi, maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko usawa wa bahari. Masika humpoza na kumwamsha.

Wavuvi wa steelhead kule Skagit, jimbo la Washington, wanajua haya, na steelhead ni trauti yule yule wa upinde wa mvua tuliye naye Mlima Kenya, isipokuwa steelhead huenda baharini na kurudi. Kwao mto wa majira ya machipuko hupandishwa na theluji inayoyeyuka. Hawangoji kioo. Wanangoja mto ushuke na ugeuke kijani cha chupa.

Sasa niseme linalonisumbua. Kuna siku kijiti kiko juu, buti linaonekana, maji ya msituni yametakata, na sijaguswa hata mara moja mpaka jua limezama. Kwa miaka nilisema wameshiba. Halafu nilimshika mmoja ambaye nyungunyungu walikuwa wamemjaa mpaka kooni, na bado alimmeza nzi wangu kwa pupa. Tangu siku hiyo sijathubutu kumwambia mteja "wameshiba".

Jumatano asubuhi nilikwenda Gura peke yangu. Kijiti kilitoka vidole vinne kwa nusu saa. Samaki wa kwanza alikuwa chini ya nyasi zilizoinamia maji, mrusho wa tatu, trauti wa kahawia mwenye madoa mekundu ubavuni, urefu toka kiwiko changu mpaka kifundo cha mkono. Nilimrudisha. Maji yalikuwa bado chai ya maziwa.