Dawa kinga ya VVU ni nini, na "kuifikisha" maana yake nini

Huku kwetu Tanga mtu akisikia PrEP (prepu), yaani hiyo dawa kinga, anajua ni dawa za aliyeathirika. Sio hivo jamani. Prepu anameza mtu ambae HANA virusi ili asivipate, kidonge kimoja kila siku, na ukimeza bila kuruka inapunguza hatari ya kupata VVU kwa njia ya ngono kwa asilimia 99 hivi, ila haizuii mimba wala kaswende wala kisonono kwahiyo kondomu iko palepale. Kabla ya kuanza lazima upime, maana kama tayari unavyo unahitaji dozi kamili ya ARV, prepu peke yake inaweza kufanya virusi viwe sugu. Alafu msichanganye na PEP, hiyo ni ya dharura, kondomu imepasuka au mtu kabakwa, unaanza ndani ya saa 72 unameza siku 28.

Sasa kuna hili neno, kuongeza upatikanaji. Wengi wanadhani ni kujaza makopo hospitali basi. Shemeji yangu ni mvuvi wa Sahare, akienda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, hata mwezi harudi, na kikopo cha vidonge 30 ukikitikisa kinalia kachakacha, sauti ile kila mtu anaijua. Siku ya kwanza tu chomboni akaulizwa, "Kaka, kumbe na wewe upo kwenye dozi?" Akavihamishia kwenye mfuko wa nailoni, vikaloa maji ya chumvi, akakaa siku 9 bila kinga. Dawa alipewa, na bado hakuipata!

Kwahiyo kuifikisha ni nesi kushuka pwani vyombo vikirudi, ni kumpa mtu wa dago dawa za miezi kadhaa kwa mpigo, ni kutompanga foleni ambayo mtaa mzima unamwona. Vilevile kwa dada wa baa anaetoka kazini alfajiri, dereva wa lori anaelala mpakani Horohoro, mke ambae mumewe anaishi na virusi.

Saivi kuna na sindano. WHO ilipendekeza cabotegravir mwaka 2022, inachomwa kila miezi 2, na 2025 ikaja lenacapavir, mara 2 tu kwa mwaka, kwenye utafiti wa Uganda na Afrika Kusini wanawake zaidi ya 2,000 walichomwa hiyo na hakuna hata mmoja aliepata virusi. Kwa mtu wa baharini hiyo ni nafuu kubwa mno, hana cha kubeba wala cha kuficha.

Shemeji bado yuko kwenye vidonge. Kashindilia pamba ndani ya kikopo, hakilii tena.