Njia za haraka za kulipia katika barabara kuu

Njia za haraka za kulipia ni njia chache zilizotengwa ndani ya barabara kuu ambayo njia zake nyingine hupitika bure, ili dereva asiyetaka kukaa kwenye foleni aweze kuikwepa kwa kulipa tozo. Zinatofautiana na barabara ya kulipia ya kawaida kwa kuwa dereva ana hiari ya kuzitumia au kuziacha, na kwa kuwa tozo yake hupanda msongamano unapoongezeka na kushuka unapopungua.

Kupanda na kushuka huko ndiko kiini cha dhana yenyewe. Wengi hudhani tozo hupandishwa saa za msongamano ili kuwakamua wenye haraka, lakini kazi yake hasa ni kulinda mwendo. Njia moja ya barabara kuu hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa. Yakizidi, mwendo huvurugika, breki ya gari moja huwalazimisha wa nyuma nao kufunga breki, na idadi ya magari yanayopita hupungua wakati ule ule yanapohitajika kupita mengi. Tozo hupandishwa kabla ya kufikia hali hiyo, ili baadhi ya madereva waamue kubaki kwenye njia za bure.

Nchini Marekani mpango huu ulianza Desemba 1995 katika barabara namba 91 ya Orange County, California, kwa tozo zilizopangwa kufuata saa za siku. Mwaka 1998 barabara namba 15 ya San Diego ilikwenda mbali zaidi, ikawa tozo inabadilika kila baada ya dakika chache kwa kufuata wingi wa magari yaliyopo. Hakuna kibanda cha malipo: mitambo husoma kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele gari likiwa katika mwendo. Mara nyingi magari yaliyobeba abiria kadhaa husamehewa tozo au hupunguziwa.

Wapinzani huziita njia za matajiri, na lawama hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hujificha kwenye mikataba. Katika barabara namba 91, mkataba na kampuni binafsi uliizuia serikali kuongeza njia za bure kando yake, na kizuizi hicho kiliondoka tu baada ya mamlaka ya usafiri ya Orange County kuununua mradi huo mwaka 2003 kwa zaidi ya dola milioni 200.