Kuchapisha nyaraka za toleo jipya: kwa nini tangazo huja mwisho

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisimamia tovuti ya maktaba ndogo ya programu huria inayokokotoa kujaa na kupwa kwa maji ya bahari, na sehemu kubwa ya kazi hiyo huifanya usiku, nyumbani kwangu Tudor, Mombasa, watoto wakiwa wamelala. Wenzangu wanaoandika msimbo huhesabu kwamba toleo limetoka pindi tagi, yaani alama yenye namba ya toleo, inapowekwa kwenye hazina ya Git, ghala la msimbo linalotunza kila badiliko. Kwangu mimi hapo ndipo shughuli inapoanza, kwa sababu mtumiaji haioni tagi. Yeye huona ukurasa wa kupakua, maelezo ya kusakinisha na mifano ya matumizi, na vitu hivyo vitatu visiposema jambo moja, toleo huwa bado halijamfikia.

Kinachotangulia kupanda kwenye seva ni kifurushi chenyewe cha programu, kikiandamana na faili mbili ndogo. Ya kwanza ina heshi ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaomwezesha mtu kujua kwamba faili aliyopakua haikuharibika njiani. Ya pili ni saini ya kidijitali. Wapo wanaodhani heshi peke yake inatosha, lakini mtu aliyefanikiwa kuingia kwenye seva na kubadilisha kifurushi anaweza kubadilisha na heshi iliyo kando yake. Saini hawezi kuighushi bila ufunguo wa siri, ambao haukai kwenye seva hiyo. Apache Software Foundation, shirika linalosimamia miradi mingi ya programu huria, huutaka kila mradi wake usaini matoleo, na huelekeza kwamba matoleo mapya yasitumie tena heshi za aina za zamani, MD5 na SHA-1. Sisi si mradi wa Apache, ila kanuni hiyo tumeiazima bila kuona haya.

Baada ya hapo ndipo nyaraka hujengwa. Tunatumia Sphinx, chombo kilichotolewa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, na huwa ninazijenga kutoka kwenye tagi ya toleo, kamwe si kutoka kwenye tawi kuu, yaani msimbo unaoendelea kuandikwa, kwa kuwa tawi kuu huenda tayari limeshaingiziwa kazi ya toleo lijalo na msomaji akaelezwa habari za kitu ambacho hajapewa. Chaguo la -W, linalofanya kila onyo lihesabiwe kuwa kosa, hulikera kundi zima siku ya toleo, nami sijawahi kujuta kuliwasha.

Nyaraka za kila toleo hukaa kwenye folda yake. Jambo hili sikuliheshimu vya kutosha mpaka nilipofanya kosa langu kubwa. Usiku tulipotoa toleo la 2.0 niliinakili tovuti yote kwa rsync, programu ya kunakili faili hadi kwenye seva, nikiwa nimeweka chaguo la --delete, ambalo hufuta upande wa seva kila kisichokuwemo kwenye folda ya chanzo. Kwenye kompyuta yangu palikuwa na nyaraka za 2.0 peke yake. Nyaraka za 1.4 zikafutika kwa sekunde chache, na kwa kuwa kurasa mpya zilionekana vizuri, nikazima taa nikalala.

Tatizo ni kwamba matoleo hayo mawili hayakubaliani juu ya saa. Katika 1.4 unampa kikokotoo saa za hapa kwetu, kuanzia 2.0 unampa saa za UTC, saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kijana mmoja anayewatengenezea manahodha wa Bandari ya Kale ratiba ya maji alikuwa bado na 1.4, akasoma nyaraka pekee alizozikuta, akapunguza saa tatu kama zilivyomwelekeza. Ratiba yake yote ikachelewa kwa saa tatu. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika kumi na mbili, kwa hiyo kukosea saa tatu ni kukosea karibu nusu ya safari ya maji, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hilo si jambo la mzaha penye miamba. Nahodha wa kwanza kuiona ratiba hiyo alitazama ukuta wa gati, akamwambia, “Mwanangu, karatasi yako yasema maji yajaa, na mimi nayaona yapwa tangu alfajiri.” Hakuna aliyepanda mwamba, nashukuru.

Tangu siku hiyo, folda ya toleo lililokwisha kuchapishwa haiguswi na amri yoyote ya kunakili. Nyaraka mpya hupanda kwenye folda mpya, ninazikagua kwa anwani yake kamili, kisha ninaigeuza njia ya mkato iitwayo “mpya” ili ielekee huko. Kwenye Linux badiliko hilo, likifanywa kwa kulipa kiungo kipya jina la kile cha zamani, hutokea kwa mkupuo mmoja, wala hakuna msomaji anayeikuta tovuti nusu. Juu ya kila ukurasa wa toleo la zamani huwekwa utepe unaosema hili ni toleo gani na jipya liko wapi. Mradi ukitumia uelekezaji wa seva badala ya njia ya mkato, utumie jibu la 302 (kuhama kwa muda) na si 301 (kuhama moja kwa moja), kwani vivinjari huikumbuka 301 kwa muda mrefu, na mwaka ujao vitaendelea kuwapeleka watu kwenye toleo la leo.

Pia ninaambatisha nyaraka zote katika faili moja ya kupakuliwa. Mtu wa mbali anaweza kudhani kwamba sisi tunaoishi pale nyaya za baharini zinapotua hatuna shida ya intaneti, lakini nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na SEACOM, zilipokatika Mei 2024, kufungua ukurasa mmoja wenye picha kulihitaji subira, na aliyekuwa na nakala kwenye diski aliendelea na kazi yake.

Tangazo linabaki la mwisho kabisa, na sababu yake ni ya kiufundi kuliko ya adabu. Ukiwapa watu kiungo ambacho ukurasa wake haujapanda, watapata jibu la 404, yaani “ukurasa haupo”, na jibu hilo nalo linaruhusiwa kuhifadhiwa na seva za kati, zilizo njiani kati ya msomaji na tovuti, hivyo hata ukiuweka ukurasa dakika mbili baadaye, wapo watakaoendelea kuambiwa haupo. Kwa hiyo kwanza ninaifungua tovuti kwa simu, kwa bando na si kwa waya wa nyumbani, napakua kifurushi kama mgeni, nahakiki saini, nafungua ukurasa mmoja wa 2.0 na mmoja wa 1.4. Zote zikiitika, ndipo ninapowaandikia watu barua.