Makato ya pensheni: yanayosemwa Mwanga na yaliyo kwenye slipu

Kila mwisho wa mwezi, nikishagawa slipu za mishahara, lazima mmoja anirudie. Safari hii alikuwa mtunza ghala wetu, kidole kimegota kwenye mstari wa NSSF, mfuko wa pensheni. “Dada, hii elfu sitini imeniuma.” Hesabu za mishahara napiga mimi hapa Mwanga, Kigoma, kwa hiyo lawama ni zangu.

“Wakinikata elfu sitini, nimepungukiwa elfu sitini.”
Hapana. Mshahara wake ni 600,000. Mchango wa asilimia 10 unatoka kwanza, ndipo PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 540,000 iliyobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi hiyo ni 24,000. Asingechangia, angekatwa 36,000. Mfukoni basi zimepungua 48,000, na mwajiri ameongeza 60,000 zake, hivyo kwa jina lake zimeingia 120,000. Nikampa kalkuleta apige mwenyewe. Akapiga mara mbili.

“Afadhali niziweke benki.”
Kwa ada za shule na dharura, sawa. Ila unaweka pesa ambayo PAYE imeshaipitia, na riba yake nayo inakatwa kodi ya asilimia 10.

“Nikiacha kazi nachukua changu chote, nanunua mtumbwi.”
Fao la kujitoa liliondolewa. Anayepoteza ajira bila kujiuzulu ana fao lake, dogo na la muda. Pensheni yenyewe inadai michango ya miezi 180, na umri wa miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Sehemu unalipwa kwa mkupuo, nyingine kila mwezi. Wengi linawaudhi hili, na siwalaumu, maana jasho ni lao.

“Kikishakatwa kwenye slipu, kimefika.”
Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mwajiri wangu wa kwanza alinikata kila mwezi bila kukosa. Slipu zilikuwa safi, zina mhuri. Siku nilipoomba taarifa ya michango, miezi minne ilikuwa mitupu. Nilirudi na ile taarifa ofisini kwake nikaambiwa “mtandao ulisumbua.” Mtandao gani unasumbua miezi minne? Ilipelekwa baada ya mimi kuonyesha kwamba nakwenda kulalamika kwenye mfuko. Tangu hapo naangalia taarifa yangu kila baada ya miezi mitatu, na wenzangu nawaambia waweke slipu zao, hata zikichakaa.

“Hayo ni ya waajiriwa, wauza dagaa hayatuhusu.”
NSSF inampokea aliyejiajiri pia. Ila tusidanganyane: ule unafuu wa kodi ni wa mwenye mshahara. Mchuuzi anayelipa kodi kwa makadirio ya mauzo hapunguziwi hata shilingi kwa sababu anachangia. Anachopata ni akiba ya uzeeni.

Shangazi yangu anaanika dagaa Kibirizi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, chanja zake zilikaa tupu, akawa anakuja kwangu mchana kupiga soga. Ndipo akaniuliza namna ya kujiandikisha. Sasa dagaa wakiingia kwa wingi ananitumia hela kwa simu nimlipie. Siku za mbalamwezi, wavuvi wakipumzika, hanipigii kabisa.